Kifuniko cha Mdudu wa Addi

Kaka yangu Bassou alikuwa akiutazama mkate mbichi anakuambia umetoka nyumba gani. Yeye ndiye mwenye tanuri la mtaa wetu hapa Alnif. Wanawake huleta mikate yao juu ya ubao, imefunikwa kitambaa, na kila nyumba ina alama yake: mmoja amebonyeza kidole mara tatu, mwingine amechoma kwa uma, na Mama Rqia wa karibu na msikiti haweki alama yoyote, ila mikate yake yote imepinda upande mmoja kama mwenyewe. Miaka ishirini na minane, mikate mia na ushei kila asubuhi, na kabla ya mambo ya lile jiwe sikumbuki siku mkate wa mtu ulipokwenda kwa jirani. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wa hapa wamezoea kumcheka, na mimi Tuda, dada yake, nimechoka kuwanyamazia.

Wanamcheka kwa sababu ya jiwe. Ukitokea nje utashangaa mtu kuchekwa kwa jiwe katika mji ambao nusu ya wanaume wake wanachimba mawe na nusu nyingine wanayasafisha. Milima yetu ina wadudu ndani yake. Wenye vitabu wanawaita visukuku, sisi tunawaita wadudu kwa sababu ndivyo walivyo: wana macho, wana mgongo wa mikunjo, na baadhi yao wana pembe na miiba utadhani waliumbwa kwa ugomvi. Wachimbaji wanawatoa, mafundi wanawasafisha kwa sindano na mashine ya upepo, wafanyabiashara wanawapeleka wanakojua wao.

Bassou hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa na tanuri. Ila kila Ijumaa baada ya swala alikwenda kuokota kwenye malundo waliyoacha wachimbaji, akarudi na mfuko umemvuta bega. Hakuuza hata mdudu mmoja. Nyuma ya magunia ya unga alitengeneza rafu ndefu ya mbao: upande wa kulia aliwapanga wadudu wanaojulikana majina, upande wa kushoto wasiojulikana. Na kazi ya kutafuta majina akanitwika mimi, kwa kuwa nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja mjini Erfoud miaka kumi na moja na Kifaransa changu si haba.

Basi nikawa mwandishi wake. Tunapiga picha kwa simu yangu, tunaweka kijiko kando ya mdudu ili ukubwa uonekane, ninatuma kwa vyuo, kwa majumba ya makumbusho, kwa wazee wa Ulaya wanaokusanya kama yeye. "Bwana mheshimiwa, huyu ni nani?" Wengine walijibu vizuri. Wengi walikaa kimya. Mmoja alitujibu kwamba sisi ni wezi wa urithi wa dunia. Huyo nilimjibu mwenyewe, na Bassou hajui hadi leo nilimwandikia nini.

"Wewe unawajua watu wote wa mtaa kwa mikate yao," nilimtania siku moja, "sasa wadudu wanakushinda nini?"

"Wadudu hawana mama wa kuwawekea alama," akasema, na akacheka. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Mdogo wetu, kitinda mimba, aliitwa Addi. Huyo ndiye alikuwa mchimbaji, na mchimbaji wa kweli, wa kuingia kwenye mtaro wenye kina kirefu kuliko urefu wa watu wawili, akafuata tabaka moja la jiwe mlima mzima. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaoa, mwingi wa maneno, anamwita Bassou "Profesa" mbele za watu.

Ijumaa moja, ulikuwa msimu wa kuvuna bizari. Bassou alimpelekea mkate mlimani, ule mnene wa vitunguu na mafuta ndani. Addi alikuwa chini mtaroni. Akainua mikono, akampa jiwe lililopasuka vipande viwili, amelifunga kwa kipande alichochana kwenye kilemba chake.

"Shika, Profesa. Huyu hata fundi Hmad Gundi hamjui."

Bassou akapokea. Addi akainama kuchukua nyundo yake. Ukuta wa mtaro ukashuka. Naisema haraka kwa sababu ilikuwa haraka. Walimtoa baada ya saa moja na nusu, na Bassou alichimba kwa mikono hadi kucha mbili zikang'oka, na jiwe lile lilikuwa pale juu kwenye changarawe, limefungwa kitambaa cha kilemba, salama kabisa.

Tulimzika kabla ya magharibi. Sisi kwetu kaburi haliandikwi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi, na mawe yenyewe yanafanana. Mimi na Bassou tunalijua la Addi: la tatu kutoka kwenye mti wa miiba. Lakini mvua kubwa ya mwaka uliofuata iling'oa ule mti, na tangu siku hiyo kaka yangu akaanza kuhesabu. "Mimi nina hamsini na nane," aliniambia. "Wewe hamsini na mbili. Wala mimi wala wewe hatuna mtoto. Tukiondoka, nani atajua Addi ni yupi?"

Nililia, nikampiga bega, nikamwambia aache maneno ya mkosi.

Hapo ndipo jiwe la Addi lilipotoka rafuni. Nilituma picha yake kila mahali, na mwanamke mmoja wa chuo kimoja Ufaransa akajibu. Jina lake Bi Odile. Kazi yake maisha yote ni wadudu hawa tu. Aliandika kwamba picha haimtoshi, ila mdudu mwenye pembe ya namna ile kwenye paji la uso hajawahi kumwona kutoka mlima wetu. Akaongeza, kwa kupitia tu, kwamba akiwa ni mpya kweli, basi atapewa jina, na mara nyingine jina linakuwa la mtu aliyemtoa ardhini.

Bassou alinifanya niusome ujumbe ule mara tatu.

"La mtu aliyemtoa," alirudia. "Linaandikwa?"

"Linaandikwa kitabuni. Dunia nzima."

"Na halifutiki?"

"Halifutiki, kaka."

Alikwenda akafunga mlango wa tanuri, akakaa juu ya gunia, akafunika uso kwa mikono yake ya unga. Alipoiondoa, uso wake ulikuwa mweupe kote isipokuwa palipopita machozi.

Tuliandikiana na Bi Odile karibu miaka mitatu. Mara hana nafasi, mara hana ruhusa, mara anaumwa goti. Mwishowe akaandika kwamba atakuja mwezi wa tatu, na kwamba jiwe liwe tayari. Liwe tayari tu, maana yake lisiahidiwe mtu mwingine, lisipelekwe kuuzwa Erfoud, aje alikute. Naijua vizuri maana yake sasa. Lakini siku ile, nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, nilimwambia Bassou, "Anakuja mwezi wa tatu. Amesema umwandae."

Kumwandaa mdudu, hapa Alnif, ni mambo mawili. La kwanza ni kumsafisha, kumtoa jiwe mwilini kwa sindano, punje kwa punje. La pili ni kumvisha. Mdudu hutoka mtaroni amekatika mwiba, amekosa jicho, na fundi anamtengenezea palipokosekana. Unasaga jiwe lake mwenyewe hadi liwe vumbi, unachanganya na gundi, unamfinyangia kilichopungua, na kwa kuwa vumbi ni la jiwe lake, rangi inakubali. Asiyevishwa tunasema yuko uchi. Hatuoni hila ndani yake, kama vile mtu haoni hila kumwosha maiti na kumtia manukato. Ni adabu.

Majira yote ya baridi Bassou alimsafisha. Akitoka tanurini anaketi dirishani na miwani niliyomnunulia sokoni, na sindano, na mdudu wa Addi akawa anatoka kidogo kidogo: macho kama visega vya nyuki, mgongo, miiba pembeni, na ile pembe ndefu inayochomoza kwenye paji la uso. Pembe ilikuwa imekatika. Ncha haikuwepo.

Hmad Gundi alipita kumtazama. Huyu ndiye fundi mkubwa wa mtaa, na jina amelipata kihalali. Akamgeuza mdudu kwenye mwanga.

"Mashallah, Bassou. Mwokaji gani wewe? Uache mikate uje kwangu."

"Pembe imekatika."

"Mvishe."

"Nisimwache hivi hivi, mgeni aone?"

"Wallahi utatuaibisha mji mzima! Mwanamke wa watu anatoka Ufaransa, unamletea mdudu uchi? Tena wa marehemu? Kifuniko unacho?"

Jiwe likipasuka, mdudu hubaki upande mmoja na upande wa pili hubaki alama yake tu. Huo upande wa pili ndio tunaouita kifuniko. Kifuniko hakina mteja. Kinasagwa, kinakuwa vumbi la kumvishia.

"Ninacho," Bassou akasema.

Alikitwanga kwenye kinu cha shaba cha mama yetu. Mimi nilichekecha vumbi, kwa chekecheo la unga, mara mbili, ili liwe laini kama poda. Kabla hajaanza kutwanga nilikishika kile kifuniko nikaona kinukta cheusi kinang'aa ndani ya jiwe, ukubwa wa mbegu ya bizari.

"Hiki nini?"

"Doa tu. Mawe yana madoa."

Nikakirudisha kinuni. Ni mkono wangu uliokirudisha. Bassou alimfinyangia pembe yake ncha moja kali iliyonyooka, kwa sababu kila pembe tuliyowahi kuiona inaishia hivyo, na alipomaliza, mdudu wa Addi alikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona katika nyumba yetu. Bassou alimfunika kwa kitambaa kisafi cha mikate.

Bi Odile akaja. Mwanamke mrefu wa nywele fupi, mvi tupu, goti limefungwa bandeji. Tulimpa chai, tukampa mkate wa vitunguu, akala kwa hamu, tukampenda. Hmad Gundi alikuja bila kualikwa, amevaa shati jipya. Bassou akafunua kitambaa.

Bi Odile aliweka glasi chini, akavaa lenzi yake jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, na nilimwona anatabasamu peke yake kama mtu anayesoma barua ya mwanawe. Aliniambia bila kuinua kichwa, "Mwambie kaka yako kwamba miaka arobaini ya kazi yangu sijamwona huyu." Nikamwambia. Bassou akanishika mkono chini ya meza, akauminya hadi nikaumia.

Halafu Bi Odile akatoa mfukoni tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, akaomba tufunge dirisha. Akammulika mdudu. Mwili wake wote ulikuwa mweusi. Ncha ya pembe iling'aa buluu, kama taa ya duka la dawa.

"Hapa ni gundi," alisema.

Nilitafsiri. Bassou akang'aa uso kwa furaha, maana alidhani anasifiwa.

"Ndiyo, ndiyo! Mimi mwenyewe nimemvisha. Mwambie si Hmad, ni mimi."

Bi Odile alizima tochi. Alieleza polepole ili niweze kufuata. Kwamba wadudu wa ukoo huu wanafanana mwili mzima, na kinachowatofautisha ni ncha ya pembe tu. Ikiishia hivi ni fulani anayejulikana, ikiishia vile ni fulani mwingine, ikiishia kwa namna ya tatu ni mgeni asiye na jina. Ncha ndiyo kila kitu. Lakini tusihuzunike, alisema, gundi inaweza kutolewa, na ncha yenyewe haijapotea. Jiwe likipasuka namna hii ncha hubaki ndani ya upande wa pili. Yeye ataichukua kwa uangalifu, hata iwe ndogo kama punje.

"Upande wa pili uko wapi?" akauliza. "Kifuniko?"

Nilijua kabla sijafungua mdomo. Nilitamani niseme kimepotea, kimeibwa, kimekwenda na maji ya mvua. Bassou alikuwa ananitazama, anangoja.

"Anauliza kifuniko kiko wapi," nikamwambia.

Akanyoosha kidole, akagusa ncha ya pembe. "Si ndicho hiki hapa?" alisema.

Bi Odile hakuhitaji tafsiri. Aliketi. Hmad Gundi alichukua kofia yake akatoka. Mimi nilikuwa nakiona kile kinukta cheusi. Ninakiona mpaka leo, nikichekecha unga.

Yule mama hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alisema kwa mdudu huyu hawezi kuandika kitu, si kwa kutotaka, hakuna atakayemkubali. Alimshika Bassou bega. Bassou alimfungia mikate miwili ya njiani kwenye kitambaa kile kile, akamsindikiza hadi kwenye gari, na muda wote huo hakutaja jina la Addi. Mimi pia sikulitaja. Ungelitajaje?

Kuanzia siku ile Bassou alikuwa akiketi dirishani anaibandua ile ncha kwa sindano, punje kwa punje, na vumbi analiweka kwenye glasi ya chai. Nilimuuliza anatafuta nini. Aliendelea kubandua. Ilipokwisha yote, aliiweka glasi rafuni, akamrudisha mdudu upande wa kushoto kwa wasio na majina, na Ijumaa hakwenda tena mlimani.

Mwezi uliofuata Mama Rqia alisimama mlangoni pa tanuri na ubao wake.

"Bassou! Tangu lini mimi nikachoma mkate kwa uma?"

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini, nipe mikate yangu! Hii ya nani?"

Bassou akaitazama ile mikate. "Sijui," alisema. Wanawake waliokuwepo wakacheka. Baadaye makosa yalipozidi, wakaacha kucheka, wakaanza kuchora majina ya watoto wao kwenye mikate mibichi kwa kijiti.

Barua ilikuja baada ya mwaka mmoja na miezi miwili. Iliingia kwenye simu yangu nikiwa pale pale tanurini nangoja mikate yangu, asubuhi, watu wengine wameshaondoka. Niliisoma kimya. Bi Odile aliandika kwamba amepatikana mdudu mwingine wa mlima wetu, mzima, ncha na yote. Pembe yake mwishoni inagawanyika mara mbili. Ni mpya kabisa. Jiwe lilikuwa mikononi mwa tajiri mmoja mkusanyaji huko ng'ambo, na mdudu amepewa jina la mke wake. Yeye Bi Odile ana hakika sasa kwamba wetu ni huyo huyo, na wetu alitoka ardhini kabla yake. Alisema anasikitika sana.

"Nani huyo?" Bassou aliuliza. Alikuwa amenipa mgongo, koleo lake refu la mbao limo ndani ya tanuri.

"Bi Odile."

"Anasemaje?"

Sikupanga kusema nilichosema. Kilitoka chenyewe. "Mdudu wetu amepata jina, kaka. Wamemwita Addi."

Hakugeuka. Alivuta koleo taratibu, akaiweka mikate mezani mmoja mmoja, akapangusa majivu.

"Addi."

"Ndiyo."

"Wameandika kitabuni."

"Wameandika."

Ndipo akageuka. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Tuda. Mimi sikumwambia yule mama jina la Addi. Wewe ulimwambia?"

Nilitazama chini.

"Usinivishie, dada yangu," alisema. "Soma kama ilivyo."

Nikamsomea, neno kwa neno, lote. Alitaka kujua ncha inagawanyikaje, nikamwonyesha kwa vidole viwili. Aliviangalia vidole vyangu. "Viwili," alisema. "Mimi niliweka kimoja." Kisha akauliza huyo mke wa tajiri anaitwa nani.

"Henriette."

"Rudia."

Nikarudia. Naye akalitamka, likamkwama, akalitamka tena, mara nne au tano, hadi likatoka sawasawa. Akaenda nyuma ya magunia ya unga. Nilimsikia analiinua jiwe la Addi kutoka upande wa kushoto, na nilisikia linawekwa upande wa kulia.

Aliporudi alifunga mikate mitano kwenye kitambaa akanipa. "Haya, mikate yako hii. Nenda isije ikapoa."

Haikuwa yangu. Niliipokea, nikaenda nyumbani.